Msimu wa Tatu Utakuja Lini?



Katika mikutano yenu, tangu Kasongo hadi Kabambare, kuna swali linalorudi kila mara baada ya sala ya mwisho, wakati mabenchi yanaporudishwa mahali pake: je, msimu wa tatu utakuja? Si swali la Katekisimu. Linahusu Crime and Justice, ile tamthilia ya polisi wa Nairobi iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2021, ambamo wapelelezi Makena na Silas, wanaoigizwa na Sarah Hassan na Alfred Munyua, hufuata kesi zinazofanana sana na zile tunazozisikia katika habari. Misimu miwili imekwisha kuonekana. Wachache kati yenu wameitazama kwa Canal+, katika nyumba zenye dekoda na jenereta. Walio wengi wameipata kwa kadi ya simu iliyopita mkono kwa mkono, sehemu moja imekatika katikati, nyingine haina sauti. Nao wanangoja.

Wapo wazazi, na hata walimu wenzetu, wanaokasirika wakisikia habari hiyo. Wanasema: nchi inawaka moto, na vijana wanangoja polisi wa kuigiza. Hasira hiyo ina sababu zake, lakini hatukubaliani nayo. Wala hatutafanya kama baadhi ya wahubiri, ambao kila wakisikia neno kungoja hukimbilia Majilio. Kungoja sinema si kumngoja Masiha. Tuache kila jambo mahali pake. Swali letu ni jingine: kijana wa kwetu anapenda nini katika hadithi ya mpelelezi, hata aingoje mwaka baada ya mwaka? Tunaamini anapenda jambo asiloliona mara nyingi mtaani kwake: mtu amekufa, na mtu mwingine anauliza kwanza, ndipo anahukumu.

Kungoja kwa namna hiyo hakukuanza na simu. Mnamo Desemba 1893, mwandishi Arthur Conan Doyle alimwangusha mpelelezi wake, Sherlock Holmes, katika maporomoko ya maji ya Reichenbach huko Uswisi, kwa kuwa alikuwa amechoka naye. Wasomaji wa Uingereza walikasirika, na wengi waliacha kulinunua gazeti lililokuwa likichapa hadithi hizo. Walingoja hadi 1901 kupata hadithi mpya, nayo ilisimulia mambo ya kabla ya kifo hicho. Mwaka 1903 mwandishi alikubali kumrudisha Holmes akiwa hai.

Na sasa jambo ambalo vijana wetu wengi hawakufundishwa. Mwaka 1909, Conan Doyle huyo huyo alitoa kitabu juu ya nchi yetu, kiitwacho The Crime of the Congo, yaani uhalifu wa Kongo. Hakuwahi kukanyaga ardhi yetu. Alikusanya ripoti za makonsuli, maneno ya mashahidi na barua za wamisionari, akaviweka mbele ya Wazungu wenzake ili waone jinsi mpira ulivyovunwa chini ya Mfalme Leopold II: vijiji vilivyochomwa, mikono iliyokatwa. Picha zilizoitikisa Ulaya wakati huo zilipigwa kwa sehemu kubwa na Alice Seeley Harris, mmisionari Mprotestanti. Sisi Wakatoliki tulitaje jina lake bila kuona haya. Wakati kitabu kinatoka, Leopold alikuwa amekwisha kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, mwezi wa Novemba 1908, kwa sababu ushahidi uliokusanywa na watu wengi kwa miaka mingi ulikuwa umemwelemea. Anayedhani kwamba hadithi za wapelelezi ni upuuzi wa Wazungu wasio na kazi, aanzie hapo.

Si kila anayengoja hupata. Karibu zaidi nasi, huko Botswana, ilitengenezwa tamthilia juu ya Precious Ramotswe, mama aliyefungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone, kutokana na vitabu vya Alexander McCall Smith. Fundi wa magari anayempenda mama huyo aliigizwa na Lucian Msamati, mwana wa wazazi Watanzania. Filamu ya kwanza ilionyeshwa Uingereza mwezi wa Machi 2008, siku chache tu baada ya kifo cha mwongozaji wake, Anthony Minghella. Mwaka 2009 zilifuata sehemu sita. Watu waliipenda: hapakuwa na bunduki kila dakika, na mpelelezi alikunywa chai na kusikiliza. Msimu wa pili haukuja. Waliongoja walingoja mpaka wakaacha kuuliza.

Ni vema mjue uamuzi wa namna hii hutoka wapi. Hautoki kwa waigizaji. Hutoka katika ofisi za mbali, mezani pa watu wanaohesabu ni wangapi waliolipa na ni wangapi waliotazama hadi mwisho. Crime and Justice ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Showmax na Canal+. Na mwezi wa Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, mama wa Showmax. Makampuni yakiungana hivyo, tamthilia huwekwa mizanini upya. Na katika hesabu yao, kijana wa Kabambare aliyetazama misimu yote miwili kwa kadi ya simu, akalia na kucheka, hayumo. Hajulikani kuwa alitazama. Hatusemi hivyo ili kumhukumu, maana hata akitaka kulipa, atalipia wapi? Tunasema tu kwamba asiyeandikwa mahali popote haingii katika uamuzi wa mtu yeyote.

Jambo hilo hilo linatugusa mahali panapouma zaidi. Katika eneo la Kabambare, kule Salamabila na kando ya mgodi wa dhahabu wa Namoya, ambao kampuni ya Banro ilisimamisha kazi zake mwaka 2019 kwa sababu ya usalama, zimo familia zilizopoteza watu na nyumba. Wengine hawajaona faili ikifunguliwa. Hakuna aliyewauliza: ilikuwa siku gani, saa ngapi, nani mwingine alikuwapo? Wao pia wanangoja sehemu inayofuata, na hakuna anayewatangazia kama itakuja.

Palipokosekana anayeuliza, pengo hilo halibaki wazi. Hujazwa na uvumi. Ninyi mnajua kilio cha mjini kwetu, Wakristu na Waislamu wameketi pamoja uani. Kabla jeneza halijatoka, jina limekwisha kutajwa pembeni: ni mjomba, kwa sababu hakulia, ni bibi fulani, kwa sababu ameishi sana kuliko watoto wake, ni mke, kwa sababu ndiye aliyepika. Ulozi au sumu, hakimu wa pembeni hachagui sana. Kesho yake bibi huyo anakuta mlango wake umevunjwa. Na wanaoutangulia umati, tuseme kweli, si wazee. Mara nyingi ni vijana, tena wengine wamo katika vikundi vyetu; wamemwona Silas akifuata kesi zake, na walimpongeza.

Ndiyo maana tungependa mfungue Danieli sura ya 13, sura iliyomo katika Biblia yetu Wakatoliki na ambayo wengi wenu hamjaisoma hadi mwisho. Susana amekwisha kuhukumiwa kufa. Walioshuhudia dhidi yake ni wazee wawili, tena waamuzi, na kusanyiko liliwaamini kwa mvi zao na cheo chao. Anayesimama ni kijana. Hasemi kwamba yeye anamfahamu Susana kuwa mwema, wala hadai kuoteshwa ndoto. Anawatenga wale wawili, kisha anamuuliza kila mmoja peke yake swali dogo kabisa: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja anataja mti wake. Uongo umekwisha. Katika sura ya 14 anatandaza majivu sakafuni mwa hekalu la Beli, na asubuhi nyayo zinaonyesha kwamba waliokula sadaka usiku si sanamu, ila makuhani sabini pamoja na wake zao na watoto wao. Roho Mtakatifu aliyemwamsha kijana Danieli alimpa maswali. (Maneno makali aliyowatupia wazee wale hatuwashauri myaige nyumbani. Mbele ya mjomba, mtu huuliza ameinamisha kichwa, lakini anauliza.)

Sheria ya nchi nayo ipo upande wenu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho itoke, na kifungu cha 41 kinakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi. Tumeona viongozi wa vikundi wanaojua kwa moyo majina ya waigizaji wote na hawajawahi kusikia habari za vifungu hivyo.

Tuna neno pia juu ya tamthilia zenyewe, maana kuzitetea si kuzisifu kwa kila kitu. Mara nyingi mno maiti ya kwanza ni ya msichana maskini, na baada ya dakika tano hakuna anayemkumbuka isipokuwa kama kitendawili cha kufumbuliwa. Kesi huisha kwa saa moja. Inspekta wa kwetu, OPJ anayepaswa kufika kijijini wakati wa mvua bila pikipiki, bila mafuta, na wakati mwingine bila karatasi, hawezi kufanana na Makena. Kijana akimdharau kwa sababu hiyo, televisheni imemfundisha vibaya. Kuna hatari nyingine: kijana aliyetazama sehemu nyingi anaweza kujiona amekuwa mpelelezi, akaanza kuwahoji majirani. Hilo si kazi yenu. Kazi yenu kwenye kilio ni ndogo zaidi, nayo ni ngumu zaidi: jina likitajwa, mmoja wenu aulize, nani alimwona, lini, na huyo aliyemwona yuko wapi? Kisha mkeshe mlangoni pa aliyetajwa usiku huo, Xaveri na Kizito-Anuarite pamoja, na vijana Waislamu wakitaka kuja waje. Paroko apewe habari, na chifu wa mtaa pia, usiku uo huo.

Tungependa hayo yajadiliwe katika kila kikundi mwezi huu, Danieli 13 ikisomwa kwanza kwa sauti mbili, mmoja akisoma maneno ya wazee, mwingine ya kijana.

Kuhusu msimu wa tatu, tunajua kwamba katika simu zenu mna ujumbe unaozunguka ukisema tayari umetoka, bonyeza hapa. Atakayeuleta katika mkutano ujao aje na majibu: nani ametangaza, siku gani, na yeye alipata wapi.