Kiswahili katika Mizani ya Famasia

Imekuwa ada kwa wanafunzi wengi wa sayansi katika shule zetu za sekondari kulitazama somo la Kiswahili kama mzigo wa kubebwa hadi siku ya mtihani, kisha ukatuliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo haulingani na hesabu za udahili, wala na kazi inayowangoja wanafunzi hao.

Tuchukue shahada ya famasia nchini Kenya. Upangaji wa wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali huratibiwa na KUCCPS, chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Masomo manne ya KCSE hupimwa kwa pamoja: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kila somo lina upeo wa alama 12, na kundi zima alama 48. Kwa hiyo, katika kundi hilo, A ya Kiswahili ina uzito ule ule wa A ya Kemia. Mtahiniwa wa Mkwiro, kisiwani Wasini, aliyepata A ya Kiswahili na B ya Kiingereza huingia mizanini na alama 12 badala ya 9. Katika kozi inayogombewa kama hii, alama tatu si haba.

Wapo watakaodai kwamba neno “au” liondolewe na Kiswahili kilazimishwe. Mimi siwaungi mkono. Neno hilo humpa kila mtahiniwa nafasi ya kupimwa kwa lugha anayoimudu zaidi. Isitoshe, gredi ya Kiswahili haipimi kila kitu. Mtoto aliyelelewa kwa Kichifundi au Kivumba huweza kupoteza alama katika insha kwa sababu ya lahaja ile ile ambayo nyanya yake ataihitaji mbele ya dirisha la dawa.

Hapo dirishani ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mfamasia akisema, “Meza kimoja kila saa nane,” anakusudia vidonge vitatu kwa siku. Mgonjwa aliyevuka bahari kwa mashua hadi Shimoni aweza kusikia kwamba ameze kimoja kila siku ifikapo saa nane mchana. Hakuna aliyekosea sarufi, ila dawa imepungua kwa theluthi mbili. Vivyo hivyo, mfamasia anayefikiri kwa saa za Kiingereza akitaja “saa mbili” huenda anakusudia saa nane yetu. Makosa haya hayaponywi na alama 12 za KCSE.

Pendekezo langu ni kwamba vyuo vinavyofundisha famasia visiishie kukipima Kiswahili langoni, bali vikifundishe ndani: namna ya kutaja vipimo na nyakati, na namna ya kumwomba mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Nasi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna deni. Tumeandika mengi kuhusu uundaji wa istilahi. Ni wangapi kati yetu wamesimama kando ya dirisha la dawa wakasikiliza? Tukisubiri kualikwa, tutabaki kulalamika kwamba lugha yetu inadharauliwa, ilhali mgonjwa anarudi Mkwiro na bahasha asiyoielewa.