Kabla ya kusema "wamezima", kagua simu yako



Juzi mdogo wangu alinipigia kutoka Rhotia. Anaendesha bodaboda pale barabarani, kati ya Mto wa Mbu na Karatu mjini. Sauti iko juu: "Dada, wametuzuia tena! Programu haishuki!" Kumbe alishaandika hivyo kwenye grupu la vijana, na watu kibao wameitikia kwamba ni njama. Nikamwambia soma kilichoandikwa kwenye kioo, neno kwa neno. Akasoma: nafasi haitoshi. Simu imejaa video za harusi na za mpira. Akafuta, programu ikashuka. Ila kwenye grupu hakurudi kusahihisha.

Sikumcheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeumwa kweli. Uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ilibanwa. Mei 2025 X ikafungiwa. Septemba mwaka huohuo leseni ya JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya uchaguzi, intaneti ikakatika nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Kijana wa Karatu, jimbo lililokuwa na mbunge wa CHADEMA tangu 1995 hadi 2020, akiona kitu hakifunguki lazima awaze siasa kwanza.

Tatizo ni kwamba tukiita kila simu iliyojaa "wamezima", siku wakizima kweli nani atatuamini? Zaidi ya hapo, mahakamani hofu haihesabiki. Kinachohesabika ni ushahidi, na wa kwanza unaanzia kwenye simu yako.

Kwa hiyo, programu ikigoma, fuata mpangilio huu.

Kwanza, nafasi. Programu huhitaji nafasi kubwa kuliko ukubwa unaoonyeshwa, kwa sababu inashuka kisha inafunguliwa. Futa video za magrupu.

Pili, bando. Wengi tunanunua bando la mitandao ya kijamii kwa kuwa ni rahisi. Hilo linaweza kufungua WhatsApp na bado lisishushe kitu Play Store. Angalia pia kama Play Store imewekwa kushusha kwa Wi-Fi tu.

Tatu, tarehe na saa. Zikiwa si sahihi, simu inaweza kushindwa kuunganishwa kwa usalama, na kila kitu kinagoma.

Nne, umri wa simu. Programu nyingi hazikubali Android za zamani. Hiyo si hujuma.

Tano, futa akiba ya Play Store, zima simu, washa tena.

Sita, linganisha. Jaribu laini ya kampuni nyingine, jaribu Wi-Fi, muulize kamanda aliye mji mwingine. Kama programu nyingine zote zinashuka, ila hiyo moja inagoma kwenye simu tofauti, laini tofauti na miji tofauti, hapo simu yako haina kosa. Inaweza kuwa hitilafu ya wenye programu, inaweza kuwa imezuiwa. Ni hapo, si kabla, ndipo swali letu linapoanza.

Na usikimbilie faili la APK lililotumwa kwenye grupu. Hujui nani kalitengeneza. Programu ukiiruhusu kusoma meseji zako, inasoma na zile za pesa kwenye simu. Siku mtandao unapobanwa ndiyo siku matapeli na wapelelezi wanapovuna.

Kuhusu VPN niwe mkweli. Tangazo la TCRA la tarehe 13 Oktoba 2023 liliwataka wanaotumia VPN wajisajili, na adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Kwa maoni yangu sharti hilo linagongana na Ibara ya 18 ya Katiba, inayotupa haki ya kutafuta na kupokea habari na kuwasiliana bila kuingiliwa. Lakini maoni yangu si hukumu. Amua ukijua hatari.

Sasa kwa nini nasisitiza rekodi? Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha sheria ya kudai haki za msingi mahakamani. Kwa mabadiliko hayo, aliyefungua shauri la namna hiyo alitakiwa aweke kiapo kinachoonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mlango ulifanywa mwembamba makusudi, ndivyo ninavyoona. Basi tuje na kitu cha kupitisha humo. Andika tarehe, saa, mahali ulipo, mtandao unaotumia na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Piga skrinishoti, usiikate, usiichoree mishale, tunza ile ya awali. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinakubali ushahidi wa aina hiyo, ila mahakama itapima ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa.

Hii si ndoto. Januari 2019 Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamuru intaneti irudishwe, kwa sababu waziri aliyeagiza kuzima hakuwa na mamlaka hayo. Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS ilisema Togo ilivunja haki ya kujieleza ilipozima intaneti Septemba 2017, ikaamuru wadai walipwe fidia. Hata huko kuna watu waliosimama wakasema: mimi nilizuiwa, siku hii, namna hii.

Ombi langu kwa viongozi wa vijana kila kata: mteueni mtu mmoja wa kupokea taarifa hizi na kuzikagua kabla hazijasambaa. Zikiwa za simu, msaidieni mwenye simu. Zikiwa si za simu, zitunzwe zikiwa na tarehe na saa.

Na wewe mdogo wangu, najua unasoma hapa. Rudi kwenye grupu uwaambie ilikuwa video za harusi.