Sanduku la urembo na ufunguo wake



Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alitoa simu yake akatuonyesha picha aliyotumiwa na binti yake anayeishi Bruxelles. Binti huyo alikuwa amepita katika duka la vitu vya kale, akaona sanduku la mbao nyeusi limefunguliwa, na ndani yake vichupa vya kioo vyenye vifuniko vya fedha, kila kimoja kimekaa katika shimo lake kama yai. Wamama tukasongamana juu ya simu. Mmoja akauliza: “Haya yote ni ya kujipaka mafuta tu?” Tulicheka, lakini swali hilo lilitufuata mpaka nyumbani.

Ndiyo, yalikuwa ya kujipaka mafuta, na zaidi. Masanduku ya namna hii yalitengenezwa sana London na Paris katika miaka ya 1800. Mwanamke wa jamaa tajiri alipokwenda safari kwa gari la farasi, na baadaye kwa treni, alichukua meza yake nzima ya kujipambia ndani ya sanduku moja. Kulikuwa na vichupa vya manukato, vya mafuta ya nywele, vya unga wa kusafishia meno, kijisanduku kirefu cha miswaki, vitana, mikasi midogo, sindano. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kioo cha kujitazama, na kuta zilifunikwa kwa mahameli au hariri. Fundi alipima kila shimo kulingana na kichupa chake ili njia mbaya isivivunje. Uzito wake ulikuwa mkubwa sana. Lakini aliyelibeba hakuwa yule bibi, alikuwa mtumishi wake.

Sisi Waswahili tunaposema feza tunawaza mara moja franga. Hapa ni madini yenyewe. Waingereza walikuwa na sheria kali juu yake, na sisi walimu tumeipenda, sababu inasomeka kama ukurasa wa kitabu. Ukigeuza kifuniko utakuta alama ndogo zimepigwa kwa nyundo. Simba anayetembea maana yake katika kila sehemu 1,000 za madini hayo, 925 ni fedha safi. Kichwa cha chui kinaonyesha kwamba ilipimwa London. Herufi moja inataja mwaka, na inabadilishwa kila mwaka. Herufi nyingine ni za jina la fundi. Kama kuna kichwa cha mfalme au malkia, kodi ililipwa, na alama hiyo iliachwa mwaka 1890. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma hawezi kudanganywa na muuzaji.

Kuna kitu kingine katika masanduku hayo kinachotugusa sisi wa upande huu. Migongo ya burashi na mipini ya visu vidogo mara nyingi ilikuwa ya pembe za tembo. Katika miaka hiyo pembe nyingi zilitoka katika misitu yetu ya Maniema, zikabebwa mabegani mwa watu, wengi wao watumwa, kupitia Ujiji na Tabora mpaka Zanzibar, na kutoka huko zikapanda meli. Kiswahili chetu chenyewe kilikuja huku kwa njia hiyo hiyo. Hatuwezi kusema burashi ya picha ile ilitoka kwetu. Lakini tuliitazama mara mbili.

Turudi kwenye sanduku. Kilichotushangaza kupita vichupa ni kufuli. Mwingereza Joseph Bramah alipata hati ya kufuli yake mwaka 1784, ngumu sana kufunguliwa na mwizi, na mafundi wengi waliiweka katika masanduku haya. Ufunguo wake ni mfupi na wa duara, kama kibomba. Tena, chini au pembeni kulikuwa na droo ya siri: unabonyeza kidude ambacho mgeni hakioni, nayo inaruka nje. Huko ndiko zilikaa pete, mikufu na barua.

Utasema, basi mwanamke huyo alikuwa na mahali pake mwenyewe. Sheria ya Uingereza ilisema hapana. Mwanamke alipoolewa, vitu vyake vya kubebeka viligeuka kuwa vya bwana: franga zake, meza zake, hata nguo na mapambo, ambayo bwana angali hai aliweza kuyauza bila kumwuliza. Caroline Norton, mwandishi wa vitabu, aliachana na bwana wake mwaka 1836, na bwana huyo akadai hata malipo ya vitabu vyake. Mwaka 1855 alichapisha barua kwa Malkia Victoria, akimweleza kwamba mke wa Kiingereza hana haki hata juu ya mavazi yake. Na mama mwingine, Millicent Fawcett, aliibiwa mkoba wake katika kituo cha treni cha Waterloo. Mwizi alipofikishwa mbele ya sheria, iliandikwa kwamba ameiba mali ya Henry Fawcett. Huyo ni bwana yake! Mkoba ulikuwa mkononi mwa mke.

Sheria ya 1870 ilimwachia mke mshahara wake wa kazi. Ile ya 1882 ndiyo iliyomwachia mali yake yote. Kabla ya hapo, mwenye sanduku alishika ufunguo wa kitu ambacho mbele ya hakimu hakikuwa chake.

Tusiwacheke. Kwetu, Kanuni ya Familia ya 1987 ilimdai mke ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga katika mapatano ya kisheria. Sehemu hiyo iliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Sasa ni mume na mke kukubaliana. Wamama wengi tunaokutana nao hawajaambiwa, na tunajua nyumba ambamo mama anauza samaki toka alfajiri, na jioni anahesabiwa franga zake na mtu mwingine. Ndiyo sababu wengine wanapenda kile kisanduku cha chuma cha AVEC, chenye kufuli tatu na funguo kwa wamama watatu. Hakina mahameli.

Mama mwenye simu aliandikia binti yake kuuliza ufunguo wa sanduku lile uko wapi. Jibu lilikuja palepale: muuzaji anasema ulipotea zamani. Mama akafunga simu. “Basi aliache huko huko,” alisema.