Picha za Machungu ya Mlima Elgon Zirejee Nyumbani

Yeyote asafiriye kutoka Kitale kupitia Endebess hadi kituo cha mpakani cha Suam huiona nchi yenye rutuba, mahindi yaliyonawiri, na Mlima Elgon ukiwa umejifunika ukungu. Mandhari hayo yamepigwa picha mara nyingi, nazo zimepamba kalenda na vitabu vya watalii. Lakini eneo hilo, pamoja na jirani zake wa Kapsokwony, Kopsiro na Cheptais katika upande wa Bungoma, lina picha za aina nyingine ambazo ni nadra kuonyeshwa: za watu waliopoteza nyumba, mashamba, viungo vya mwili na jamaa zao. Hizo ndizo ninazokusudia kuzizungumzia, kwa kuwa zinawahusu moja kwa moja walimu na wanafunzi.

Historia yenyewe inajulikana, ijapokuwa aghalabu husimuliwa kwa kunong’onezana. Mapigano ya kikabila yalizuka Trans Nzoia na Bungoma kati ya 1991 na 1993. Kisha, kuanzia 2006, mzozo wa ugawaji wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk ulizaa kundi la wanamgambo lililojiita Sabaot Land Defence Force. Kundi hilo liliua, likateka nyara na kuwakata watu masikio. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika operesheni iliyopewa jina la Okoa Maisha. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch iliyotolewa Julai 2008 ilieleza maovu ya pande zote mbili: mauaji na utesaji wa wanamgambo, na vilevile utesaji na kutoweka kwa wanaume waliokamatwa na askari. Baadhi ya wakazi walivuka mpaka na kukimbilia Uganda.

Mashauri ya kisheria hayakufika mbali. Shauri lililofunguliwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, kuhusu vitendo vya askari, lilikomea 2012 pale Kitengo cha Rufani kilipoamua kwamba lililetwa nje ya muda uliowekwa. Mlango wa mahakama ukishafungwa hivyo, mwathiriwa hubakiwa na nini? Hubakiwa na kumbukumbu, na picha ni mojawapo ya vyombo vya kumbukumbu.

Wako wasemao kwamba picha za aina hiyo hutonesha vidonda, na kwamba yaliyopita si ndwele. Hoja hii haifai kubezwa, kwani mlimani wapo majirani ambao jana walikuwa maadui na leo wanauziana maziwa. Hata hivyo, Kenya ina mfano wa kuizingatia. Mwaka 2009 mpiga picha Boniface Mwangi alianzisha maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, yaliyozungusha katika miji mbalimbali picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100. Picha zilitundikwa barabarani, mbele ya wachuuzi na wapita njia, na vijana wakashirikishwa katika mazungumzo juu ya waliyoyaona. Fundisho ni kwamba picha chungu haiachwi peke yake mbele ya mtazamaji. Huambatana na mazungumzo.

Hapa ndipo taaluma ya lugha inapokuwa na neno la kusema. Picha haina njeo, haina ukanushi, wala haina kiunganishi cha sababu. Haiwezi kusema “jana”, “siye” au “kwa ajili ya”. Hayo yote husemwa na maelezo yanayoandikwa chini yake. Chukua picha moja ya mwanamke aliyesimama mbele ya majivu. Mhariri wa kwanza ataandika: “Nyumba imeungua.” Wa pili: “Nyumba imechomwa.” Wa tatu: “Mama amechomewa nyumba.” Picha ni ile ile, ila katika sentensi ya kwanza hakuna mkosaji, katika ya pili mkosaji yupo lakini amefichwa, na katika ya tatu tunajua pia ni nani aliyedhulumiwa. Viambishi vya kutendwa na kutendewa, ambavyo wanafunzi hukariri ili wapite mtihani, hapa vinabeba haki ya mtu. Vivyo hivyo kwa “waliohama”, “waliohamishwa” na “waliofukuzwa”.

Kasoro ya pili ni ile ya kumpiga mtu picha bila kujua jina lake. Mwaka 1936 Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja maskini akiwa na watoto wake huko California. Picha hiyo ikawa mashuhuri kupita zote zilizopigwa wakati wa mdororo wa uchumi wa Marekani. Hata hivyo, Lange hakumuuliza mama huyo jina, na umma haukujua kwamba ni Florence Owens Thompson hadi 1978. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa nembo tu. Linganisha na picha iliyopigwa na Sam Nzima huko Soweto tarehe 16 Juni 1976. Tunajua kwamba mtoto anayebebwa ni Hector Pieterson, anayembeba ni Mbuyisa Makhubo, na dada anayekimbia kando ni Antoinette. Kwa kuwa majina yalihifadhiwa, picha iliweza kuzaa jumba la makumbusho, lililofunguliwa huko huko Soweto mwaka 2002.

Kasoro ya tatu ni kutopewa sababu. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga filamu ya njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, na ulimwengu ukasimama. Misaada ilimiminika na maisha ya watu yakaokolewa. Hatuna budi kumheshimu kwa hilo. Lakini watazamaji wengi waliona ukame tu, wala hawakuelewa nafasi ya vita na siasa katika njaa ile, na jina la Ethiopia likabaki vinywani mwa watu likiwa na maana ya ufukara. Mlima Elgon nao usije ukageuzwa kuwa kisawe cha masikio yaliyokatwa, ilhali kiini chake ni ardhi na jinsi ilivyogawanywa.

Leo karibu kila kijana wa Kitale na Bungoma anaweza kupata simu yenye kamera. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Operesheni Okoa Maisha sasa amekomaa, na huenda yote ayajuayo kuhusu mwaka huo ni uvumi. Ndiyo maana napendekeza kwamba shule za eneo hili zianzishe miradi ya picha za maisha ya jamii, ikiongozwa na walimu wa Kiswahili na wa Historia kwa pamoja. Masharti yawe matatu. La kwanza ni ridhaa: Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhitaji mzazi au mlezi atoe idhini kwa niaba ya mtoto. Aliyejeruhiwa ana haki ya kukataa, na akikataa asishawishiwe. La pili ni maelezo kamili: jina pale mwenyewe anapolikubali, mahali, tarehe na sababu, yaandikwe kwa Kiswahili na, inapowezekana, kwa Kisabaoti au Kibukusu, ili anayeonyeshwa aweze kusomewa na kusahihisha. La tatu ni marejesho: nakala ya kwanza apewe mwenye sura yake.

Mahali pa kuzionyesha papo. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mkusanyiko ulioanzishwa na Kanali Stoneham mwaka 1926, yakafunguliwa kwa umma 1974. Yamehifadhi wadudu na ndege kwa uangalifu wa kupigiwa mfano. Kipepeo wa Trans Nzoia ana kibandiko chenye jina lake, mahali na tarehe. Binadamu wa Trans Nzoia na wa Mlima Elgon hastahili pungufu ya hayo.

Walimu wenzangu, msisubiri mwongozo kutoka Nairobi. Anzeni na darasa moja, mzee mmoja aliyekubali, na sentensi moja iliyoandikwa kwa ukweli chini ya picha yake. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuinua simu, ulizeni jina.