Televisheni za chogo: Kuchomoa waya hakumalizi hatari

WAKATI maduka ya vifaa vya umeme mijini yamejaa televisheni bapa, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, maarufu kwa jina la chogo, bado hazijatoweka nchini. Zinapokosa nafasi sebuleni huishia kwenye mabanda ya video na ya gemu, kisha kwa mafundi, na mwisho kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Katika kila hatua ya safari hiyo kuna hatari ambayo wengi hawaifahamu.

Kwa kata iliyo mbali kama Igurwa, wilayani Karagwe mkoani Kagera, suala hilo lina uzito wa pekee. Televisheni ikifika huko imefika mwisho wa safari, kwani kuirudisha Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, ni gharama ambayo hakuna mwenye banda atakayekubali kuibeba.

Matangazo ya televisheni Tanzania Bara yalianza mwaka 1994, hivyo kizazi chote cha kwanza cha watazamaji kilitumia chogo. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, wapo waliodhani kuwa huo ndio mwisho wake. Haikuwa hivyo, kwa sababu king'amuzi kilitosha kuiongezea maisha. Kilichoiondoa sokoni ni kushuka kwa bei ya televisheni bapa, ambazo pia hula umeme kidogo na ni nyepesi kubeba.

Umeme unaobaki

Hatari ya kwanza inamkabili anayefungua. Ndani ya televisheni ya rangi ya aina hiyo, transfoma hupandisha umeme hadi kati ya volti 20,000 na 30,000, takriban mara mia moja ya umeme wa ukutani. Tyubu ya picha huhifadhi umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Masanduku ya gemu ya kulipia kwa sarafu, yaliyovuma duniani miaka ya 1980, yalitumia tyubu za aina hiyo hiyo na yana hatari ile ile.

Kwa sababu hiyo, kubadilisha kioo ni kazi ya fundi, si ya mwenye banda wala kijana anayelinda gemu. Fundi makini huchomoa waya na kusubiri. Kisha huchukua bisibisi yenye mpini usiopitisha umeme, iliyofungwa waya uliounganishwa na msuko wa waya mtupu unaozunguka mgongo wa tyubu, na kuipenyeza chini ya kifuniko cha mpira kilichobandikwa ubavuni. Hutumia mkono mmoja tu na hurudia zoezi hilo, kwani chaji huweza kurejea kiasi.

Aidha, tyubu haina hewa ndani. Ikipigwa au shingo yake nyembamba ikivunjika, vioo vinaweza kuruka kwa nguvu. Miwani ya kukinga macho na glavu ni lazima, na tyubu hubebwa kwa upande wa uso wake, kamwe si kwa shingo. Kioo kipya nacho kipewe umeme wake chenyewe badala ya kuunganishwa kwenye bodi ya zamani.

Shaba ina bei, kioo hakina

Hatari ya pili huanza pale fundi anapomaliza. Shingoni mwa tyubu kuna koili za shaba, na shaba ina mnunuzi. Njia ya haraka ya kuipata ni kuvunja tyubu. Kinachobaki ni kioo cha mgongo wa tyubu, ambacho takriban moja ya tano ya uzito wake ni madini ya risasi, pamoja na unga wa kemikali uliopakwa ndani ya uso wake.

Zamani kioo hicho kiliyeyushwa kutengeneza tyubu mpya. Viwanda vya tyubu vilipofungwa duniani, soko hilo lilikufa na kioo kikageuka mzigo. Kikitupwa shimoni au kwenye migomba nyuma ya nyumba, watoto ndio wa kwanza kukichezea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwani madini hayo hudhuru ubongo unaokua.

Sheria haikosekani. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki, zinazotaka wanaokusanya na kuchakata taka hizo wawe na kibali. Hata hivyo, kibali hakiwezi kumsaidia fundi wa kijijini ikiwa hakuna mkusanyaji anayefika kwake.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Chumba kimoja chenye kufuli katika makao makuu ya kila wilaya, ambako tyubu zitapokelewa zikiwa nzima hadi lori lipatikane, kingeondoa sababu ya kuzitupa. Malipo kidogo kwa anayeleta tyubu isiyovunjwa yangeshindana na bei ya shaba. Bila hivyo, mabanda yataendelea kubadilisha vioo, na risasi itabaki ardhini.