Utetezi wa Kitabu cha Mwisho

Kuna rai moja iliyoenea miongoni mwa wanafunzi wa fasihi, na walimu wao hawaikanushi, ya kwamba katika mfululizo wa vitabu kile cha kwanza ndicho sanaa, na vile vinavyofuata ni biashara. Mtu mwenye elimu, husemwa, husoma cha kwanza, akatambua ufundi wa mwandishi, akakirudisha rafuni. Cha pili na cha tatu, na hasa kile cha mwisho, huachiwa vijana wanaokesha na taa wapate kujua nani alikufa na nani alioa. Rai hii nimeisikia katika kumbi za masomo, na nimeisikia barazani Mji Mkongwe, kikombe cha kahawa mkononi. Nasema ni rai mbovu. Tena nasema kijana anayekesha na kitabu cha saba cha hekaya yake analijua jambo ambalo msomi aliyeishia kitabu cha kwanza hajalijua bado.

Ushahidi wangu wa kwanza sikuufuata mbali. Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa misheni hapa Unguja, alipiga chapa London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa kisiwa hiki, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna kisa cha Sultani Darai. Haamdani ni fukara anayeparura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aokota thumuni, na kwa thumuni hiyo anunua paa. Paa huyo asema kama mtu. Apata almasi, aipeleka kwa Sultani kwa jina la bwana wake, amposea bwana wake binti wa Sultani. Kisha aenda peke yake, amwua joka lenye vichwa saba, atwaa nyumba yake na mali yake, ampa bwana wake vyote. Mtoto akishikwa na usingizi hapo, ataamka na hadithi njema: maskini ameneemeka na joka limekufa.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Paa augua. Bwana wake, aliyekwisha kuzoea enzi, aamuru apikiwe uji wa mtama duni. Mke asikitika, mume haoni la kusikitikia. Paa afa, naye bwana amtupa kisimani. Ndipo mke alipoota ya kuwa yuko kwa baba yake, akaamka akajiona yuko kwa baba yake. Mume naye aliota ya kuwa yuko jaani anaparura, akaamka akajiona yuko jaani anaparura. Sehemu hii ya mwisho ndiyo hukumu. Bila ya hiyo kisa ni sifa ya bahati. Pamoja nayo ni mashtaka juu ya asiyeshukuru.

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa shangazi yangu, kusini ya kisiwa. Alikuwa akifukia makumbi pwani, akiyaponda, akisokota kamba za usumba, na kwa kamba hizo nilinunuliwa madaftari ya shule. Kila alipokisimulia, usingizi ulinichukua penye harusi. Nilikua nikiamini ya kuwa Haamdani ni mtu mwenye bahati, nami nilipopata kazi mjini nilijiona wa bahati kama yeye. Salamu za shangazi za kuniita zilinifikia. Nilizijibu kwa salamu. Alipougua nilipeleka fedha ya dawa, sikwenda mwenyewe. Miaka miwili baada ya kumzika nilikisoma kisa kile katika nakala ya Steere, peke yangu, kwa ajili ya somo, nikafika kwenye kisima. Nilikifunika kitabu siku ile. Sidai ya kuwa kukisikia chote utotoni kungalinifanya mtu mwema. Nasema tu ya kuwa nilikuwa na nusu ya hadithi, na nusu ile ilinistarehesha.

Wanaotupinga watasema: hicho ni kisa kimoja kinachosimuliwa kwa usiku mmoja, wala si mfululizo wa vitabu. Vyema. Katika mkusanyo huo huo mna kisa cha Sultani Majnuni. Paka wa Sultani aliachwa ale kuku, kisha mbuzi, hata akawa Nunda mla watu. Mwana mdogo wa Sultani, aliyedharauliwa na wote, atoka kumwinda. Aua mbwa, amkokota hadi nyumbani akiimba ya kwamba huyu ndiye Nunda. Mama yake amtazama, asema siye. Arudi mwituni, aua mnyama mkubwa zaidi, aimba tena. Mama asema siye. Ndivyo hivyo mpaka twiga, mpaka ndovu. Kila mara sifa yadaiwa, na kila mara yakataliwa, hata siku alipokuja Nunda mwenyewe.

Katika kisa hiki naiona picha ya mfululizo wote wa hekaya, na mama yule ndiye msomaji wa kweli. Kama angalikubali ya kuwa mbwa ndiye Nunda, mwana angalipata sifa mapema, jioni ile wangalifanya karamu, na Nunda angaliendelea kula watu. Msomi anayesimama kwenye kitabu cha kwanza amekubali mbwa. Amesifu mkono wa mwindaji, naye hajauliza kama mnyama aliyekusudiwa amepatikana.

Hapa ndipo nilipo tayari kuwapa wapinzani haki yao. Iko mifululizo ambayo mwindaji hurudi na mbwa mara saba, na kila mara mbwa ni yule yule aliyetiwa rangi mpya. Vitabu hivyo vipo vingi, na wenye kuviuza wanajua kwamba kijana aliyependa jina la shujaa atalinunua tena. Lakini ubovu huo utajulikanaje? Hauwezi kujulikana kwa kukaa mbali. Mama hakusema "siye" kabla ya kumtazama mnyama. Mtu asemaye kitabu cha sita ni duni naye hakukifungua, amehukumu bila ya shahidi, na chuo kikuu si mahali pa hukumu za namna hiyo.

Tutazame vitabu ambavyo vijana wetu huviazima na kuvipitisha mkono kwa mkono hata majalada yakang'oka. Hekaya ya Harry Potter, iliyoandikwa na J. K. Rowling, ina vitabu saba, cha kwanza cha mwaka 1997 na cha mwisho cha mwaka 2007. Tangu kitabu cha kwanza yumo mwalimu mmoja, Snape, mwenye chuki na uso wa giza, na msomaji humchukia kwa raha. Ni katika kitabu cha saba tu ndipo ijulikanapo ni ahadi gani mtu huyu alikuwa akiitimiza kwa miaka yote ile, na kwa gharama gani. Aliyeishia cha kwanza amemhukumu mtu kwa uso wake, na hukumu hiyo hubaki naye kama elimu. Hivi ndivyo tunavyotaka wanafunzi wetu wahukumu watu?

Tena yuko Ursula Le Guin wa Marekani, aliyetunga dunia ya visiwa na wachawi iitwayo Earthsea. Vitabu vitatu vilimalizika mwaka 1972, na wasomaji wakadhani pazia limefungwa. Mwaka 1990 akaandika cha nne, akarudi katika visiwa vile vile kwa jicho la mwanamke mtu mzima na mtoto aliyeunguzwa kwa moto, akauliza kwa nini uchawi wa heshima katika dunia aliyoitunga mwenyewe ulikuwa wa wanaume peke yao. Mwandishi alijisahihisha mbele ya wasomaji wake. Ni wanazuoni wangapi waliowahi kufanya hivyo? Asomaye vile vitatu tu amemsoma mtu kabla hajajuta.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa lawama yangu iliyo kubwa iko hapa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka kitabu mwaka 1960. Baada ya hicho aliandika vingine, Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 kikiwa cha pili, hata kufikia Kosa la Bwana Msa cha mwaka 1984. Katika mitihani na insha za wanafunzi nilizosahihisha mimi, karibu zote zazungumza juu ya Mzimu, na mara chache juu ya Kisima. Msa hutazamwa kana kwamba alizaliwa na kufa mwaka 1960.

Mtu ataniambia ya kuwa hizo ni hadithi za upelelezi, si hekaya za majini. Ni kweli, na ndiyo maana ya kuzitaja. Mwandishi huyu alikusudia kumwingiza msomaji kijana kwa mlango wa ajabu: mzimu, Giningi, hofu ya usiku. Kisha kwa subira, na kiko chake mdomoni, Msa amtoa msomaji kwa mlango wa akili, na lililodhaniwa kazi ya mizimu laonekana kuwa kazi ya mkono wa mtu. Aliyeacha kitabu katikati amebaki mzimuni. Na aliyeacha mfululizo mwanzoni hatakutana na jina lile la mwisho, ambamo neno kosa limewekwa kando ya jina la mtu tuliyezoea kumwona hakosei. Mwandishi aliyempa shujaa wake herufi za jina lake mwenyewe, baada ya miaka ishirini na minne akaandika juu ya jalada ya kuwa shujaa huyo ana kosa. Jambo hilo pekee lastahili mhadhara mzima, nasi twalipita kwa sababu si la kitabu cha kwanza.

Kama bado pana mwenye shaka ya kuwa fikra ya mtunzi hukaa mwishoni, na azitazame hadithi mbili zilizo moja. Katika Alfu Lela u Lela mna kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze wawili waliogeuzwa mbwa kwa uovu wao. Khalifa awaombea, warudishiwa ubinadamu, na baada ya hayo wamvamia tena ndugu yao ili wamwue. Mwisho wao ni kuuawa. Shaaban Robert alikichukua kisa hiki akakifanya Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Mbwa wakawa manyani, na majina yakawa ya Kiswahili. Lakini badiliko lililo kubwa liko mwishoni: nduguze Adili waliosamehewa wanatengenea. Mtunzi wa kwanza aliamini ya kuwa hasidi hatibiki; wa pili aliamini ya kuwa msamaha waweza kumtengeneza mtu. Kurasa za katikati hazitaonyesha tofauti hiyo. Mwanafunzi aliyesoma nusu ya kila kimoja ataandika ya kuwa ni kitu kimoja.

Limesalia pingamizi moja la wanazuoni wa siku hizi, wasemao kazi iliyo bora ni ile isiyofungwa, na kutaka mwisho ni utoto. Nawakumbusha hati ya Kiarabu ya Alfu Lela u Lela ambayo Antoine Galland aliitumia alipoitangaza hekaya hiyo kwa Kifaransa, kati ya mwaka 1704 na 1717. Hati ile inakatika kabla ya usiku wa 300. Walimwengu walifanya nini? Hawakuridhika. Wanakili na wafasiri waliongeza usiku juu ya usiku hata hesabu ikatimia elfu na moja, na Shahrazadi akapewa amani yake. Hamu hii ni ya watu wazima wa mataifa mengi na karne nyingi, tena hadithi yenyewe imejengwa juu yake: mfalme hakumwua mkewe kwa sababu alitaka kujua yaliyofuata. Tamaa ya kitabu kifuatacho iliokoa roho ya mtu.

Basi nasema mambo matatu kwa wale walio na kalamu ya kupanga masomo. Mwalimu akichagua kitabu kutoka katika mfululizo, na asichague cha kwanza kwa mazoea. Achague pamoja nacho cha mwisho, na maswali ya mtihani yaulize juu ya safari baina ya viwili hivyo. Maktaba inayonunua nakala hamsini za kitabu cha kwanza na inunue thelathini, na fedha zilizobaki zinunue vilivyosalia. Na mwanafunzi anayeona haya kusema ya kuwa usiku uliopita alimaliza kitabu cha saba, na aache kuona haya. Na atuandikie alichokiona huko.

Msimulizi wa Unguja, afikapo tamati, huwaachia wasikilizaji wema wa hadithi, na ubaya wake akauchukua mwenyewe. Maneno hayo hayasemwi mwanzoni wala katikati. Aliyeondoka mapema hakukabidhiwa kitu. Mimi niliondoka kwa usingizi, na nilikuwa mtoto. Wasomi wetu huondoka wakiwa macho.