Kichezeo Chenye Mabawa



Mama mmoja, msomaji wetu, ameleta suala. Mwanawe wa miaka 13 ameletewa na mjomba wake aliyeko Uingereza sanduku la vipande vya kuundia ndege ya mbao. Baba mtu amelifungia kabatini, akisema ni sanamu, ni israfu, na ni kupoteza wakati. Binti yao mdogo, aliyetaka kusaidia, ameambiwa hiyo si kazi ya wanawake. Mama auliza: sheria yasemaje?

Nianze na sanamu, kwani ndilo zito. Katazo la picha wanazuoni wamelifungamanisha na viumbe vyenye roho. Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Eropleni haina roho; ni Kiswahili chetu tu kilichoipa jina moja na kunguru.

Tena imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, vikaonekana vichezeo vya Bibi Aisha (R.A.), na kati yao farasi mwenye mabawa mawili ya viraka. Alipomuuliza farasi gani huyo mwenye mabawa, Bibi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (A.S.). Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Kichezeo chenye mabawa, basi, kilikuwamo katika nyumba iliyo bora kuliko zetu sote, na mwenyewe alikuwa mwanamke. Namwomba ndugu yangu alizingatie hilo kabla ya kumwondoa binti yake mezani.

Ama israfu, fedha zimekwisha kutolewa na mjomba. Kilichobaki ni ama mbao hizo zifanyiwe kazi, ama ziliwe na mchwa kabatini.

Juu ya sanduku, asema mama, pameandikwa Junior 60. Huo ni muundo wa Kiingereza wa miaka ya 1940, kazi ya Albert Hatfull wa KeilKraft, na 60 ni inchi za mabawa toka ncha hadi ncha: kama mita moja na nusu. Si kitu cha kumalizwa kwa siku moja. Ubao wake ni balsa, mti wa Amerika ya Kati na Kusini. Neno hilo kwa Kihispania maana yake ni chelezo.

Mchoro hutandazwa juu ya ubao ulionyooka, ukafunikwa plastiki ili gundi isiushike. Vipande hubanwa kwa pini juu ya mistari hadi vikauke. Upande wa pili wa kiwiliwili huundwa juu ya ule wa kwanza, ndipo zilingane. Fundi wa jahazi, kwa desturi ya kale, hutanguliza mkuku na mbao, kisha mataruma. Huku mbavu hutangulia, na ngozi, ambayo ni karatasi nyembamba, huja mwisho. Gundi haiharakishwi. Kijana akisikia adhana akaondoka, atarudi avikute vipande palepale, vimeshikana zaidi. Michezo ya simu haimwachii mtu hivyo, na baba huyu, kwa maelezo ya mama, simu hajaifungia kabatini.

Wala kuruka si jambo geni kwetu. Al-Maqqari ameandika habari za Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 887, kwamba alijivika manyoya na mabawa, akaelea kitambo, kisha akaumia mgongo alipotua, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Kijana atakapofika kwenye mkia, baba amsimulie. Na ndege ikikamilika waipime uzani kwa vidole viwili chini ya mabawa, pale mchoro unapoonyesha. Mkia ukielemea, huongezwa risasi kidogo puani.

Moja la mwisho kwa mama. Vanishi ya karatasi ina harufu kali na hushika moto upesi: ipakwe barazani, mbali na jiko. Tena msipake siku za masika, kwani unyevu huifanya iwe na madoa meupe. Ngojeni siku ya jua kavu.